Kikombe Mkononi mwa Jiwe: Somo la Kutafsiri Sanamu za Waturuki wa Kale

Utangulizi

Katika nyika za Asia na Ulaya, kuanzia Mongolia na milima ya Altai, kupitia Kazakistani na Kirgizistani, hadi nchi zilizo kaskazini ya Bahari Nyeusi, kuna mawe yaliyochongwa sura za watu. Mengine hayafiki kiuno cha mtu mzima, mengine yanampita kimo. Uso ni mpana, nyusi na pua zimechongwa kwa mstari mmoja, masharubu yamepinda, macho yanatazama mbele. Chini ya uso kuna mikono miwili, na mara nyingi sana mkononi kuna kikombe.

Kikombe hicho ni cha nini? Na anayekishika ni nani? Maswali haya yanaonekana madogo, lakini yana uzito wake. Kwa jibu moja, jiwe lile ni kumbukumbu ya marehemu aliyeheshimiwa na watu wake. Kwa jibu la pili, ni adui aliyeuawa, akasimamishwa pale ili aendelee kumtumikia aliyemshinda. Kwa jibu la tatu, ni sanamu ya kuabudiwa. Majibu yote matatu yamewahi kutolewa na watu wenye elimu, wakiyatazama mawe yaleyale. Waliochongwa wenyewe hawawezi kuinuka na kutusahihisha. Kwa hiyo anayetafsiri ana deni la haki mbele yao: akiwa na haraka, anaweza kumgeuza baba wa ukoo kuwa mateka wa ukoo.

Somo hili lina hoja moja. Kitu kilichochongwa kwenye jiwe hakijisemei chenyewe. Maana yake hupatikana tunapokirudisha mahali pake: mahali sanamu iliposimama, wakati ilipochongwa, maneno ya watu walioichonga, na ushuhuda wa wale walioiona ikiwa bado ina kazi.

1. Waturuki tunaowazungumzia

Neno "Waturuki" hapa halimaanishi wananchi wa Uturuki ya leo peke yao. Tunazungumzia makabila ya wafugaji wa farasi na kondoo waliosema lugha za jamii moja. Mwaka 552 kiongozi wao, Bumin, aliwashinda Warouran waliokuwa mabwana zake, akaanzisha dola ambayo baada yake ilienea kutoka mipaka ya China hadi magharibi ya mbali. Dola hiyo iligawanyika, ikaangukia mikononi mwa China, ikafufuka mwaka 682, na kumalizika katikati ya karne ya 8.

Baadaye kundi jingine la Waturuki lilishika nyika za kaskazini ya Bahari Nyeusi. Hawa ni Wakipchaki. Warusi waliwaita Wapolovtsi, na waandishi wa Kilatini wakawaita Wakumani. Walitawala nyika hizo tangu karne ya 11 hadi Wamongolia walipowavunja nguvu kati ya mwaka 1237 na 1241.

Tuna basi jamaa mbili za sanamu. Ya kwanza ni ya Waturuki wa karne ya 6 hadi ya 8, upande wa mashariki. Sanamu ya kawaida ya jamaa hii ni ya mwanamume anayeshika kikombe kwa mkono wa kulia kifuani, huku mkono wa kushoto ukiwa kwenye mkanda au kwenye mpini wa silaha. Ya pili ni ya Wakipchaki, upande wa magharibi. Hapa mikono yote miwili inashika chombo tumboni, na wanawake ni wengi sawasawa na wanaume au karibu na hapo. Anayechanganya jamaa hizi mbili na kuzipa maana moja ameshakosea kabla ya kuanza.

Hata jina linaweza kutupoteza. Warusi huyaita mawe haya *kamennaya baba*. Kwa Kirusi *baba* ni mwanamke wa kijijini au bibi kizee. Lakini wataalamu wengi wanaona kwamba chanzo ni neno la Kituruki *baba*, lenye maana ileile tuliyo nayo sisi katika Kiswahili: mzazi wa kiume, na kwa kupanua, mzee wa ukoo. Kufanana huko na lugha yetu ni kwa bahati tu. Hata hivyo kunatufunza jambo: jina peke yake limeweza kubadili jinsia ya jiwe kabla mtu hajainua macho kulitazama.

2. Kutazama kabla ya kutafsiri

Hatua ya kwanza ni kuorodhesha kilichopo, bila kusema kina maana gani. Hebu tutazame sanamu ya jamaa ya kwanza kutoka juu hadi chini.

Kichwani kuna nywele, wakati mwingine zimesukwa misuko mirefu inayoning'inia mgongoni. Masikioni kuna hereni zenye kitone kinachoning'inia. Shingoni huonekana mkufu au ukosi wa joho uliokunjwa pande mbili. Mkono wa kulia una chombo, nacho si cha aina moja: kuna bilauri yenye mguu, kuna kikombe chenye sikio, kuna bakuli, kuna kijungu chenye shingo. Kiunoni kuna mkanda wenye vibamba vya madini, na kwenye mkanda kunaning'inia kamba fupi, kifuko, kinoo cha kunolea, kisu au jambia, na upanga au kitara. Miguu kwa kawaida haikuchongwa kabisa. Jiwe linaingia ardhini.

Kwa Wakipchaki orodha inabadilika. Wanaume wana chapeo, vibamba viwili vya mviringo kifuani vilivyofungwa kwa mikanda, upinde na podo la mishale. Wanawake wana kofia za kifahari, mikufu na mapambo ya nywele. Kiunoni huonekana pia kioo, kitana, kifuko na chuma cha kuwashia moto.

Orodha hii ina faida ya kwanza ambayo haihitaji falsafa yoyote: inatupa tarehe. Hereni, vibamba vya mkanda na vikombe vya fedha vya namna hiyohiyo vimechimbuliwa katika makaburi ya Altai na jirani zake. Kaburi likijulikana ni la karne ya 7, na hereni iliyomo ikawa sawa na ile iliyochongwa kwenye jiwe, tumepata mahali pa kuanzia. Michoro ya ukutani ya Afrasiab, mjini Samarkand, ya karne ya 7, inaonyesha Waturuki wenye misuko mirefu na mikanda iliyoning'inizwa silaha. Mchongaji basi hakubuni mavazi. Alichonga vitu alivyoviona vikivaliwa.

Pamoja na yaliyopo tuorodheshe yasiyokuwepo. Watu hawa waliishi juu ya farasi, lakini farasi hayumo kwenye sanamu. Walikuwa wapiga mishale hodari, lakini katika jamaa ya kwanza upinde na podo ni nadra. Mtu huyu amevaa upanga, ila hajauchomoa. Kilicho mkononi tayari kwa matumizi ni kikombe. Tulishike jambo hili, tutalirudia.

3. Vyombo viwili vya kufikiria

Sisi tunaosoma falsafa tuna vyombo viwili vinavyofaa hapa.

Cha kwanza ni mgawanyo wa Mtakatifu Augustino katika kitabu chake kuhusu mafundisho ya Kikristo. Anatofautisha ishara za asili na ishara zilizotolewa. Moshi ni ishara ya moto bila moto kukusudia kumwambia mtu lolote. Neno au bendera ni ishara kwa sababu kuna aliyekusudia kuwasiliana, na kuna waliokubaliana naye juu ya maana. Sanamu yetu ina ishara za aina zote mbili. Majivu yaliyo karibu nayo ni ishara ya asili: hapa paliwaka moto. Kikombe kilichochongwa ni ishara iliyotolewa: bila kujua mapatano ya watu wale, hatuwezi kuisoma. Wasomaji wengi hukosea kwa kuchukua ishara iliyotolewa na kuisoma kana kwamba ni ya asili. Wanasema, "Kikombe ni cha kunywea, basi huyu ni mnywaji." Ni sawa na mgeni anayemwona mtu amevaa pete akasema, "Huyu anapenda madini."

Cha pili ni sababu nne za Aristotle, ambaye mwenyewe alipenda kutumia mfano wa sanamu. Sababu ya kimaada ni jiwe, mara nyingi matale au jiwe la mchanga. Sababu ya kiumbo ni sura ya mtu mwenye kikombe na mkanda. Sababu tendaji ni mchongaji na ukoo uliomwagiza. Sababu ya kikomo ni lile kusudi ambalo sanamu ilisimamishwa kwa ajili yake. Tatu za kwanza zaonekana au zakisiwa kwa urahisi. Ubishi wote uko kwenye ya nne. Na njia ya kuifikia kwa haki ni kupitia zile tatu nyingine pamoja na mazingira. Hatuwezi kuiruka moja kwa moja.

4. Ni nani huyu: marehemu au adui?

Kumbukumbu za China kuhusu Waturuki husema kwamba mtu alipokufa, mawe yalisimamishwa kwenye kaburi lake, na idadi yake ilifuata idadi ya watu aliowaua: mtu mmoja, jiwe moja. Maandishi ya Waturuki wenyewe yanathibitisha desturi hiyo. Kwenye bonde la mto Orkhon nchini Mongolia yamesimama mawe mawili makubwa yenye maandishi, la mwanamfalme Kül Tegin la mwaka 732 na la kaka yake, Bilge Khagan, la mwaka 735. Nikolai Yadrintsev aliyatangaza kwa wasomi mwaka 1889, na Vilhelm Thomsen wa Denmark akaufungua mwandiko wake mwaka 1893. Humo lipo neno *balbal*, na mtawala aliyeshindwa anatajwa kuwa alisimamishwa kama balbal ya mshindi.

Kutokana na hayo wanazuoni kadhaa walihitimu kwamba sanamu ni maadui. Nikolai Veselovsky alielekea huko mwanzoni mwa karne ya 20, na Aleksandr Grach akaitetea hoja hiyo kwa nguvu miaka ya 1960 kutokana na sanamu za Tuva. Kwa mtazamo huo, kikombe ni cha mtumwa: adui aliyeuawa amesimama kwenye karamu ya matanga ya aliyemwua, akimhudumia. Waliopinga, miongoni mwao Leonid Kyzlasov, na baadaye Vladimir Kubarev aliyechunguza sanamu za Altai, walisema sanamu ni marehemu mwenyewe.

Tuamueje? Hapa mahali panasema kuliko sura. Sanamu ambazo hazijahamishwa kwa kawaida husimama upande wa mashariki wa uzio mdogo wa mawe wenye pembe nne, zikitazama mashariki. Kutoka pale huanza mstari wa mawe mengine yasiyochongwa, au yaliyochongwa kidogo tu, yanayoelekea mashariki. Mahali pa Kül Tegin mstari huo unaenea takriban kilometa 3. Tuna basi vitu viwili tofauti mahali pamoja: jiwe moja lililochongwa kwa uangalifu, lenye uso, hereni, mkanda na kikombe, na mawe mengi yasiyo na uso. Maneno ya Wachina kuhusu jiwe moja kwa kila aliyeuawa yanafaa yale mengi. Yule mmoja mwenye uso ndiye ambaye wengine wamepangwa mbele yake.

Kuna ushahidi mwingine. Mahali pa Kül Tegin hapakuwekwa adui kwenye nafasi ya heshima. Walichongwa Kül Tegin mwenyewe na mkewe, wamekaa. Kichwa chake cha marumaru, chenye taji lililonakshiwa ndege, kilifukuliwa mwaka 1958. Kama mwanamfalme alichongwa kwa heshima yake mwenyewe, ni vigumu kuamini kwamba kwa watu wa chini yake desturi iligeuzwa kinyume.

Kwa sababu hizo wengi leo wanakubali kwamba sanamu yenye kikombe ni marehemu, na balbal ni yale mawe ya mstari. Lakini katika lugha ya kila siku, na hata kwenye vibao vya watalii, sanamu zenyewe huitwa "balbal". Ni neno lililokuwa la mateka, nalo linamwangukia mwenye karamu.

5. Kikombe

Turudi kwenye kikombe. Ikiwa aliyekishika ni marehemu, kwa nini anashika kikombe badala ya upanga?

Tuanze na uzio. Wachimbaji walipofukua nyuzi nyingi za aina hii, kwa kawaida hawakukuta maiti. Walikuta majivu, makaa, mifupa ya kondoo na ya farasi, na pengine mabaki ya nguzo ya mti. Hilo ni jambo kubwa. Mahali hapa hapakuwa kaburi. Palikuwa mahali pa kumkumbuka mtu aliyezikwa kwingine, na watu walikula hapo. Ishara za asili, yaani majivu na mifupa, zimetuambia kuhusu karamu kabla hata hatujauliza ishara iliyotolewa.

Pili, tuangalie kikombe kilimaanisha nini kati ya watu hai. Mwaka 568 au 569 Kaisari Justino II wa Konstantinopoli alimtuma balozi Zemarchus kwa mtawala wa Waturuki wa magharibi. Taarifa ya safari hiyo, iliyohifadhiwa na mwandishi Menander, inaeleza siku za karamu kwenye mahema ya fahari, kukiwa na kinywaji kisichotokana na zabibu. Kwenye kuta za mji wa Panjikent, katika Tajikistani ya leo, Wasogdi ambao walikuwa majirani na washirika wa Waturuki waliwachora wakuu wao wameketi, jambia kiunoni, vikombe vimeinuliwa mkononi. Katika ulimwengu ule, kuketi karamuni na kikombe mkononi ndiyo ilikuwa sura ya mtu mwenye nafasi. Silaha ilibaki kiunoni kwa sababu yuko kwa amani, kati ya watu wake.

Tukiunganisha hayo, kikombe kinasomeka vizuri zaidi kama kikombe cha mgeni wa heshima. Marehemu amealikwa kwenye karamu ya matanga yake mwenyewe, na amefika. Wengine wameona humo kiapo, wengine kinywaji cha kumiminia miungu, wengine kinywaji cha uzima baada ya kifo. Maana hizi zinaweza kuwa zilikuwepo pia, kwa kuwa ishara moja hubeba mizigo mingi. Lakini zinahitaji ushahidi wake zenyewe, na ushahidi wa karamu unaonekana ardhini.

Tahadhari moja kwa sisi wasomaji wa Afrika Mashariki. Tukisikia kinywaji na marehemu, akili inakimbilia mara moja kwenye tambiko la kwetu. Kulinganisha si dhambi, ila ulinganifu ni swali, haujawa jibu bado. Mzee anayemimina pombe chini anampa marehemu. Sanamu hii inamwonyesha marehemu mwenyewe akiwa ameshika. Tofauti hiyo ndogo ingetupita kama tungekuja na jibu mfukoni.

6. Mkanda, ndege na kofia

Tujaribu njia hiyohiyo kwa vitu vingine vitatu.

*Mkanda.* Mchongaji aliyeacha miguu na hata masikio alichonga vibamba vya mkanda kimoja kimoja. Kwa nini? Mikanda halisi yenye vibamba vya shaba, fedha au dhahabu imepatikana makaburini, na nchini China enzi ya Tang mkanda ulikuwa alama rasmi ya cheo. Maandishi ya makaburi ya bonde la Yenisei, ambayo marehemu huzungumza kwa nafsi ya kwanza, yanataja podo la dhahabu lililofungwa kiunoni kama fahari ya mtu. Kwa hiyo mkanda unasomeka kama cheo na utu uzima wa kiume. Hapa ushahidi wa vitu, wa jirani na wa maneno yao wenyewe unakubaliana.

*Ndege.* Sanamu chache, hasa za Kirgizistani na Kazakistani, zina ndege mkononi. Msomaji wa kwanza husema: ni kipanga wa kuwindia. Inawezekana kabisa, kwa kuwa kuwinda kwa ndege kulikuwa fahari ya wakuu wa nyika. Wa pili husema: ni roho. Naye ana la kushika, kwa sababu katika maandishi ya Orkhon, pale tunapotarajia kusoma kwamba Kül Tegin "alikufa", lipo neno lenye maana ya "aliruka", kama ndege anavyoruka. Lugha yao yenyewe iliunganisha kifo na kuruka. Je, mchongaji alikusudia hilo? Hapa haki inatutaka tuseme: maana zote mbili zina mashahidi, na jiwe halijachagua.

*Kofia yenye pembe tatu.* Baadhi ya sanamu za upande wa Kirgizistani na Kazakistani zina kofia yenye ncha tatu, nazo zimesomwa kama za wanawake. Kofia ya namna hiyo imo pia kwenye jiwe maarufu la Kudyrge, Altai, lililochimbuliwa miaka ya 1920: mwanamke mkubwa mwenye kofia ya pembe tatu, mtoto karibu naye, na mbele yake wapanda farasi walioshuka na kupiga magoti. Wengi walisema ni Umay, mlinzi wa akina mama na watoto katika imani za Waturuki. Wengine wanasema ni bibi wa kifalme anayepokea utii wa watu walioshindwa. Maandishi ya Kül Tegin yanaongeza ugumu na mwanga kwa pamoja, kwani yanamfananisha mama yake malkia na Umay. Kwa watu hao malkia na mlinzi wa mbinguni waliweza kufananishwa hadharani. Huenda basi swali letu, "Ni mungu au ni mtu?", limekata kwa kisu kikali kuliko walivyokata wao.

7. Mashahidi wawili

Mwaka 1253 mtawa Mfransisko, William wa Rubruck, alisafiri kwa barua za Mfalme Louis IX wa Ufaransa kuvuka nyika za Wakumani, akapokewa na Khan Mkuu wa Wamongolia mwaka 1254. Katika taarifa aliyomwandikia mfalme anaeleza kwamba Wakumani huinua kilima kikubwa juu ya marehemu na kumsimamishia sanamu inayotazama mashariki, yenye kikombe mkononi mbele ya kitovu.

Tuone alichofanya. Alikuwa mmisionari, na neno "sanamu" kwake lingeweza kuamsha hukumu papo hapo. Lakini alieleza kwanza mahali, upande, mkono na chombo, na akasema sanamu ni ya marehemu. Ushuhuda huo mmoja umewasaidia wanazuoni kuliko kurasa nyingi za lawama. Hata hivyo shahidi mwema naye hupimwa. Uchimbaji umeonyesha kwamba sanamu nyingi za Wakipchaki zilisimama juu ya vilima vya zamani sana, vya watu waliotangulia kwa karne nyingi, na nyingine katika mahali patakatifu palipozungushiwa uzio. Aliona kilima na sanamu kwa usahihi. Kwamba kilima kilikuwa cha marehemu huyohuyo, hilo mara nyingi halikuwa hivyo.

Anaeleza pia jambo lililomshangaza. Aliona kaburi la mtu aliyefariki karibuni, ambako ngozi 16 za farasi zilitundikwa kwenye miti mirefu, 4 kwa kila upande wa dunia, na marehemu amewekewa nyama na kumisi, yaani maziwa ya farasi yaliyochachuka. Nao walimwambia kwamba mtu yule alikuwa amebatizwa. William analiandika bila kulifumbua. Sisi tunaojiandaa kwa utume tungeweza kulisoma kwa haraka, tukasema ubatizo ule ulikuwa wa juu juu, au kwamba chakula kile hakikuwa na uzito. Yeye ameacha vyote viwili kando kwa kando, na hivyo ametuachia swali likiwa zima.

Shahidi wa pili ni Nizami wa Ganja, mshairi wa Kiajemi aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 13. Katika utenzi wake juu ya Aleksanda Mkuu anasimulia jinsi Wakipchaki walivyoinamia sanamu ya jiwe, mpanda farasi akiiachia mshale kutoka podo lake, na mchungaji akiiachia kondoo. Aleksanda aliishi zaidi ya miaka 1,400 kabla ya Nizami, na kisa ni cha kubuni. Lakini mshairi alichota desturi za majirani wa zama zake. Tunaweza kuupokea ushuhuda wake juu ya zawadi zilizowekwa mbele ya mawe, bila kupokea kisa chake juu ya nani aliyeyasimamisha. Na zawadi pekee hazitoshi kuamua kama waliotoa waliabudu au waliheshimu. Mtoto anayeweka maua kaburini mwa mama yake naye anatoa.

8. Sanamu iliyong'olewa

Karibu na mji wa Tokmok, Kirgizistani, kwenye mnara wa kale wa Burana, sanamu nyingi zimekusanywa kutoka sehemu mbalimbali na kupangwa uwanjani. Zimeokolewa zisivunjwe, na mgeni huziona kwa urahisi. Lakini sanamu iliyohamishwa haitazami tena mashariki kwa sababu yake yenyewe. Uzio wake, majivu yake na mstari wake wa balbal vimebaki kwingine, au vimepotea. Vitu vilivyotusaidia kuamua kati ya marehemu na adui ndivyo vya kwanza kupotea.

Na mawe nayo hufa. Kwenye mlima Kremianets, mjini Izium, Ukraine, sanamu za Wapolovtsi zilizodumu tangu Zama za Kati ziliharibiwa vitani mwaka 2022. Kila jiwe linalovunjika kabla ya kupimwa na kuelezwa ni shahidi aliyekufa kabla ya kuhojiwa.

Hitimisho

Tumeona njia yenye hatua tano: kuorodhesha kilichopo na kisichokuwepo, kulinganisha na vitu halisi ili kupata wakati, kutazama mahali, kusikiliza maneno yao wenyewe, na kuwapima mashahidi wa nje. Tafsiri inakuja mwisho, nayo ina ngazi. Kwamba sanamu ni marehemu, tuna sababu nyingi. Kwamba kikombe ni cha karamu yake, tuna sababu nzuri. Kwamba ndege ni roho, tuna neno moja lenye uzito na si zaidi. Mwanafalsafa mwaminifu hasemi mambo haya matatu kwa sauti moja.

Walioyasimamisha mawe haya walitaka mtu wao asikose nafasi kwenye karamu. Tunapoita jiwe lile adui au mungu bila kuchunguza, tunamwondoa kwenye nafasi hiyo. Kumsoma kwa uangalifu ni kumwachia kikombe chake.

Maswali ya kujipima

1. Taja ishara moja ya asili na ishara moja iliyotolewa katika mahali pa sanamu ya Kituruki. Kila moja inatuambia nini, na inanyamaza wapi?
2. Kwa nini mstari wa mawe yasiyochongwa una uzito katika hoja kati ya Grach na Kyzlasov?
3. William wa Rubruck alikuwa sahihi katika nini, na alipungukiwa katika nini? Je, upungufu huo unaondoa thamani ya ushuhuda wake wote?
4. Chagua kitu kimoja cha kumbukumbu ya marehemu katika jamii yako. Mgeni akikiona kimehamishiwa jumba la makumbusho, atakosa kujua nini?